Dalali wa Alvise Anakuja Saa Sita

Benchi letu liko mwisho kabisa wa mtaa wa Castello, kwenye kiwanja ambacho wageni wa Venisi hukifikia kwa kupotea tu. Pana kisima kilichozibwa, baa ya Loredana na madirisha mengi yaliyofungwa. Wa benchi tuko wanne. Kasia aliendesha boti za abiria mpaka mgongo ukamgomea. Waziri alikuwa karani wa posta, na jina hilo tulimpa kwa sababu habari za serikali anazijua zote, nyingine kabla hazijatokea. Mimi nilikuwa nachapa kadi za harusi. Sisi watatu tuliuza nyumba zetu za hapa zamani, tukahamia Mestre, nchi kavu, kwenye majengo yenye lifti. Kila asubuhi tunapanda basi kuvuka daraja, kisha boti, tuje tukae palepale tulipokuwa tunakaa. Wa nne ni Alvise, fundi wa mashua, ambaye bado analala hapa. Asubuhi hiyo ya Oktoba dalali alikuwa anakuja saa sita kuchukua jibu lake: anauza nyumba au hauzi.

Loredana alileta kahawa nne. Alvise alikoroga ya kwake muda mrefu, na huyo hatii sukari.

— Binti yangu anasema niuze, alituambia. Ngazi zangu zinamtia hofu.

— Umeshajua anayenunua ni nani? Waziri akauliza.

— Kampuni.

— Kampuni gani?

— Kampuni tu, Waziri. Ina jina refu.

Hapo Waziri akasogeza kikombe pembeni, na tukajua tumeshapatikana. Alitueleza kwamba watu hao hawataki nyumba, wanataka madirisha. Wakishayapata yote yanayotazama maji, watayafunga kwa pamoja siku moja, na mtu akitaka kuona maji itabidi awaombe wao.

— Acha porojo, mzee, Kasia akamwambia. Madirisha ya nini? Hao wanataka chini. Watachimba bwawa la kuogelea chini ya nyumba ya Alvise.

— Chini ya nyumba ya Alvise kuna matope.

— Ndiyo hayo. Wakiyatoa, upande huu utapanda na upande wa pili utazama. Mimi nimeendesha boti miaka yote, najua chombo kinavyolala ukihamisha mzigo.

Katikati ya hayo akatokea mwanamke mmoja na viatu vizito vya kutembelea. Alisema kwa Kiitaliano cha taratibu kwamba anaitwa Waltraud, ametoka mji wa Graz, na hapendi kwenda wanakokwenda wenzake. Anatafuta daraja la San Pietro.

— Moja kwa moja, mama, Kasia akamjibu.

Mgeni akiuliza njia, sisi wote humwambia hivyo. Hakuna kichochoro katika mji huu kinachonyooka, lakini hatumdanganyi. Miguu yetu imezikata kona hizo tangu utotoni, siku hizi haizihesabu tena kuwa kona. Mama wa watu akashukuru, akaenda.

Waziri alikuwa amepata wazo jipya. Hii itakuwa hoteli, akasema, na wageni wa siku hizi hawataki tena makanisa makubwa, wanataka mitaa kama huu wetu, yenye wazee. Sasa Alvise akiondoka wazee watatoka wapi? Wataajiriwa. Wataletwa vijana wa maigizo, wapakwe mvi, wavishwe kofia, wakae kwenye benchi hili kwa zamu wakibishana.

— Na mbwa, Kasia akaongeza. Lazima wawe na mbwa mmoja mzee.

— Watabishana kuhusu nini? nikauliza.

— Wataandikiwa.

Nilicheka, na Loredana akacheka mlangoni. Alvise hakucheka. Alitazama saa ya mkononi, akanyoosha shati lake. Kuanzia hapo tukamgeukia yeye wote watatu. Kasia alimwambia mtu hauzi mahali alipozaliwa. Waziri alimwambia yeye ndiye amebaki kutushikia mtaa. Mimi nami nikasema langu, kwamba hewa ya Mestre ni ya magari na dagaa wa kule hawana ladha ukiwalaza kwenye siki na vitunguu. Ni kweli hawana. Lakini nilisema kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma, na hilo sikulipenda hata nilipokuwa nalisema.

Waltraud akatokea tena, safari hii kwa kichochoro cha upande mwingine. Kasia akamwelekeza kwa mkono: moja kwa moja. Akaenda. Aliporudi mara ya tatu hakuuliza daraja. Aliomba kukaa, tukasogea, na Loredana akamletea kahawa. Waziri, kwa kuwa amempata msikilizaji mpya, akamweleza kesi nzima: nyumba, kampuni, dalali wa saa sita, na sisi tunavyopigana mtaa usife.

Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila ubaya wowote:

— Nanyi jioni mnarudi Mestre?

— Tunarudi, Kasia akasema. Boti ya saa kumi.

— Na yeye hubaki na nani?

Mimi nilitazama madirisha nikitafuta hata moja ambalo bado lina mtu, maana kuna mtu zamani alikuwa akiishi juu ya baa, na wengine karibu na kisima. Loredana naye hurudi Mestre. Aliokota vikombe, akaingia ndani.

Alvise ndiye aliyesema.

— Huko kwenu, asubuhi mnakutana wapi?

— Tunakutana hapa, nikamwambia.

— Najua hapa. Nauliza huko.

Hatukutani. Mimi na Kasia tuna miaka kumi na mbili Mestre, hata mlango wake siujui.

Dalali alifika na mkoba wake na suti nyembamba. Alvise akasimama, akampa mkono, akamwambia anauza. Kasia akamshika mkono wa koti.

— Alvise, kaka, fikiri kwanza.

— Nimefikiri msimu mzima wa baridi uliopita, Kasia. Ninyi mnapapenda hapa. Na mimi ningepapenda, kama ningekuwa naondoka saa kumi.

Akampeleka dalali kumwonyesha ngazi.

Waltraud aliomba radhi, nasi tukamwambia hana kosa. Kasia akainuka akamsindikiza hadi darajani mwenyewe, kona baada ya kona.

Jioni tulipanda basi kama siku zote. Kwa kawaida kila mmoja huchukua dirisha lake mpaka mwisho wa safari. Siku ile Kasia alikuja kukaa karibu nami, na tulipofika katikati ya daraja nikamuuliza anakaa jengo gani.