Gundi Yuko Chini

Kinyozi aliigeuza runinga yake ikatazama barabarani alipogundua kwamba wanaokaa nje ni wengi kuliko wanaokuja kunyolewa. Chini ya dirisha lake kuna benchi la mbao, na kila alasiri hukaa hapo wale wale: Profesa, mshona viatu ambaye hajawahi kukubali kwamba kuna jambo asilolijua, na Taarifa, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye simu haimtoki mkononi. Mbele yao, birika likiwa juu ya jiko la mkaa, hukaa Mama Kahawa. Siku hiyo alikuwa hauzi. Alimimina tu kila aliponyooshewa kikombe, macho kwenye kioo, maana golini alisimama binti yake wa pekee, yule ambaye mtaa mzima unamwita Gundi kwa vile mpira ukigusa mikono yake haubanduki. Fainali hiyo, bao moja kwa moja, dakika za mwisho. Mshambuliaji akachomoka, Gundi naye akatoka kumkabili, wakagongana. Mshambuliaji akainuka. Gundi hakuinuka. Mwamuzi akaita machela kwa mikono miwili, na papo hapo picha ikamegeka vipande vipande, ikaganda, ikawa nyeusi. Yakabaki maandishi: HAKUNA MAWIMBI.

— Kinyozi, rudisha, alisema Mama Kahawa.

— Mama, sijagusa kitu.

— Basi gusa!

Kinyozi akazima, akawasha. Akachomoa waya wa king'amuzi, akaupuliza, akauchomeka. Mwishowe akamwacha mteja wake na nusu kichwa, akapanda juu ya paa kulizungusha dishi.

— Hapo je?

— Bado!

— Na hapo?

— Bado!

Paa la pili kutoka hapo mtu mwingine naye alikuwa akiuliza hapo je. Mtaa mzima ulikuwa juu ya mabati.

— Shuka utavunja shingo, Profesa akasema. Tatizo haliko kwenye dishi, liko juu. Jua likikaa nyuma ya setilaiti, setilaiti inapofuka. Ndiyo maana wahenga wakasema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Mwana na jua wapi na wapi? Mama Kahawa akauliza.

— Fikiri, utaona.

Mama Kahawa alifikiri, na alichokiona hakikuwa jua. Akabonyeza namba ya binti yake. Mtu asiye na haraka akamwambia simu anayopiga haipatikani.

— Jua gani bwana! Taarifa akadakia. Imekata mafuta ile. Mimi nimekula barabara maisha yangu yote, nakijua chombo kinavyokata mafuta. Kwanza kinashtuka-shtuka, halafu kinazima. Si ndivyo tulivyoona?

— Mafuta gani huko mbinguni?

— Kwani inazungushwa kwa maombi?

— Hamna kitu, Kinyozi akapaza sauti kutoka juu. Hii imezimwa! Wale wapinzani wana mtu wao kule kwenye mitambo. Wameona tunataka kushinda, wakamwambia kalia kitufe.

— Anakikalia kabisa?

— Kabisa. Na mzito. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi, na kila mmoja alimtupia jicho Mama Kahawa kabla ya kukimaliza. Yeye alikuwa akimmiminia Profesa. Kikombe kikajaa, kikafurika, kahawa ya moto ikampita Profesa vidoleni. Alikishikilia tu kikombe, meno yameumana, mpaka mama wa watu alipoinua birika mwenyewe na kupiga simu tena. Haipatikani.

— Sikilizeni, Profesa akaendelea, safari hii kwa sauti ya chini. Inawezekana hata setilaiti yenyewe haipo. Imedokolewa. Vyuma vya kule ni vya thamani. Kuna mataifa yana chombo kama ndoano…

Akangoja Taarifa ambishie. Taarifa hakubisha. Taarifa alikuwa ameinamia simu yake, midomo ikitembea, kisha midomo ikasimama.

— Umesoma nini? Mama Kahawa akauliza.

— Hamna. Mtandao unazunguka tu.

— Taarifa.

— Ni kundi tu, mama. Unajua watu wa makundi.

— Soma.

Taarifa akamtazama Profesa, Profesa akatazama vidole vyake.

— Mmoja anasema kipa kapelekwa hospitali. Hajitambui.

— Na mwingine?

— Mama, tuyaache.

— Nimesema soma.

— Anasema… poleni wafiwa.

Kinyozi, aliyekuwa akishuka ngazi, akabaki hapo hapo katikati.

— Huyo aliyeandika yuko uwanjani? Mama Kahawa akauliza.

— Sijui.

— Anamjua mwanangu?

— Sijui, mama.

— Sasa pole anampa nani?

Mama Kahawa akalitia jiko maji, likatoa mvuke wenye majivu. Akakifunga upya kitambaa chake cha kichwani, akakikaza kama mtu anayefunga mzigo.

— Unakwenda wapi?

— Kwa mwanangu.

— Uwanja uko safari ya siku nzima!

— Basi nitafika kesho.

Kinyozi akaruka chini, akavua aproni, akaanza kutafuta kufuli la duka. Mteja wake akatoka nje, kichwa upande mweupe upande mweusi, akaona nyuso zao, akarudi ndani kimya kimya.

Ndipo simu ikalia. Namba ngeni. Mama Kahawa aliishika kama kaa la moto, kidole kikakataa kwenda. Profesa akambonyezea, akaweka sauti kubwa.

— Mama?

Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye tonge mdomoni.

— Nani wewe?

— Mimi, mama. Wamenishona mdomo, naongea kama kibogoyo. Hii simu ya kocha, yangu imezima.

Mama Kahawa akakaa chini, si kwenye kigoda, kwenye vumbi. Taarifa akaugeukia ukuta, akashughulika sana na macho yake.

— Pumzi ilinikatika tu, na mdomo ukapasuka, wakanifunga bandeji nikaendelea. Tumelichukua kombe! Jamani, mko wote? Mliiona ile penalti ya mwisho? Ile niliyoiokoa kwa mguu?

Watu waliojua habari za jua, za mafuta ya mbinguni na za mtu mzito aliyekalia kitufe, wakatazamana. Kinyozi aliinamisha kichwa akimwashiria Mama Kahawa: sema ndiyo, mfurahishe mtoto. Na neno lenyewe lilikuwa tayari ulimini mwake.

— Sikuiona, mwanangu, akasema. Picha ilikatika ukiwa chini. Tangu saa ile mimi nakuona uko chini tu.

Nyuma ya simu wasichana walikuwa wakiimba.

— Hata kuinuka hukuniona?

— Hata kuinuka.

— Basi ngoja nitoke kwenye hizi kelele nikusimulie ile penalti vizuri.

— Penalti baadaye, Mama Kahawa akasema. Anzia ulipoinuka.