Simu ya Kwetu Juu ya Kreti

Benchi letu liko nje ya kinyozi, na kinyozi ni mimi, kwa hiyo watu wakichoka kugombana hunyolewa, na wakishanyolewa hurudi kugombana. Mbele ya benchi kuna kreti la soda lililogeuzwa, na juu ya kreti ndipo ilipo sheria yetu pekee: ukifika, unalaza simu yako hapo kifudifudi, mstari mmoja na za wenzako, na atakayegusa simu yoyote kabla kahawa haijaisha ananunua kahawa ya wote. Tuliiweka siku tulipogundua kwamba tumekaa watu wanne saa nzima na kila mmoja anacheka peke yake. Leo tulimsamehe Mama Birika tu, anayetuuzia kahawa. Binti yake aliacha kazi ya duka la dawa akaenda kiwanda kipya cha simu, kile cha serikali, kilichofunguliwa kwenye majengo ya zamani ya kiwanda cha viatu. Leo jioni wale walio kwenye majaribio wanaambiwa nani anabaki na nani anarudi nyumbani. Mama Birika alikuwa amekumbatia simu yake mkono mmoja na birika mkono wa pili, na kahawa ilikuwa imeungua. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Aliyeanza ni Profesa. Anauza chaja na betri, na jina alilipata kwa kuwa hajawahi kutamka neno "sijui".

Profesa: Mmesikia redio? Waziri kasema sasa basi. Simu zetu, programu zetu, kumbukumbu zetu zote zikae nyumbani. Za nje zinapandishiwa ushuru.

Bima: Kachelewa.

Huyu Bima aliuza bima maisha yake yote, mpaka akaanza kuviogopa vitu vyote alivyokuwa akiwatishia wateja.

Profesa: Kachelewaje, na tangazo lenyewe la leo?

Bima: Wenzetu wameshatushika pabaya, bwana. Hizi simu nne hapa, kuna mtu huko nje ana kitufe chake. Siku tukikosana naye anabonyeza. Unabaki na kioo. Nchi nzima tunajitazama meno.

Soli: Nani akosane na wewe, Bima? Labda mkeo.

Bima: Cheka tu. Hospitali sasa wagonjwa wanaandikwa kwenye kompyuta. Umeme unanunua kwa simu. Mishahara, shule, kila kitu. Kitufe kimoja, ndugu yangu.

Nilisimamisha mkasi. Bima ana ugonjwa wa hofu, hilo sote tunalijua, lakini mara nyingine hofu yake inagonga penyewe.

Profesa: Kitufe ni kidogo. Mimi nasema zinasikiliza. Juzi nililalamika mgongo, niko peke yangu chumbani. Kesho yake simu inanitangazia magodoro.

Soli: Ulikuwa peke yako, sasa ulimlalamikia nani?

Profesa: Mgongo wenyewe.

Mama Birika: Na hiyo ya kwetu haitasikiliza?

Profesa: Itasikiliza, lakini ni ya kwetu! Ukisema mgongo unauma, inakutangazia godoro la fundi wa mtaa huu huu. Hela inazunguka hapa hapa.

Mama Birika: Na siku ukiisema serikali?

Profesa alijikuna kisogo.

Profesa: Hapo sasa usiseme karibu nayo.

Tulicheka, lakini si sana. Soli ndiye hakucheka kabisa. Soli hukaa mwisho wa benchi. Aliwahi kufanya kazi kwenye kile kiwanda cha viatu mpaka geti likafungwa, akatoka na jina hilo na mkono unaojua kazi. Siku hizi huvaa viatu vya mtumba kama sisi wote, ila vyake vinang'aa kuliko vya mtu yeyote mtaani, kwa sababu ngozi anaijua.

Soli: Mimi niulize. Ya kwetu nini? Kioo kinatoka nje. Betri nje. Hiyo chipu ndiyo usiseme. Sisi tunakaza skrubu na kubandika jina.

Mama Birika: Mwanangu hakazi skrubu.

Soli: Sijamsema yeye, dada.

Mama Birika: Umemsema. Mwanangu anapima sauti. Kila simu lazima ipite sikioni kwake, inapoita na inapozungumza. Ikikwaruza hata kidogo anairudisha nyuma. Akija nyumbani ananiambia redio yangu inakwaruza, ananiambia hata mimi sauti inakwaruza.

Profesa: Tena chipu si kitu. Chipu ni mchanga. Mchanga tunao, mto mzima.

Bima: Basi mwambie fundi mwashi akuundie simu.

Profesa: Bima, sikiliza. Wenzetu nao walianza na skrubu. Wakakaza, wakakaza, mkono ukazoea, siku moja wakaifungua wakaangalia ndani, wakasema kumbe. Shida yetu tunataka kuanzia kwenye "kumbe". Ndiyo maana nasema ushuru ni sawa. Mtoto anajifunza kutembea, unamwingiza kwenye mbio za watu wazima? Funga mlango kwanza. Akikomaa, mfungulie.

Soli: Sisi walitufungia.

Aliisema polepole, akiangalia ncha za viatu vyake.

Soli: Hamkumbuki? Viatu vya nje vilizuiwa kabisa. Nchi nzima ilivaa vya kwetu, ipende isipende. Sasa unafikiri tulifanya nini? Tulilala. Kisigino kinachubua, mwananchi anarudisha, tunamwambia vumilia, kitazoea. Kitazoea! Mguu ndio ulizoea. Mashine iliharibika tukaifunga kamba. Siku mlango ulipofunguliwa mitumba ikaingia, hakuna aliyetulilia.

Profesa: Kwa hiyo usifunge?

Soli: Sijui. Ukiacha wazi, mtoto anakanyagwa. Ukifunga, anabweteka. Mimi nimekaa nje ya lile geti miaka yote hii nalifikiria, na bado sijui.

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutamkwa na mtu mzima kwenye benchi letu, na Profesa alilipokea kama tusi.

Profesa: Mimi najua. Kile kiwanda cha viatu hakikufa. Kiliuawa. Kuna watu waliangalia yale majengo, umeme mkubwa, reli mlangoni, wakajua siku moja yatatengeneza simu. Wakaanza kukiua mapema.

Bima: Kabla simu hazijakuwepo?

Profesa: Wenzetu wanapanga mbali.

Bima: Basi na mimi niwaambie, maana mmenifikisha. Hizi picha tunazopiga, zinakwenda nje, sivyo? Huko zinakusanywa. Wanatengeneza watu. Kuna Bima mwingine huko, sura hii hii, kijana kidogo, anauza bima za magari na watu wanamwamini.

Soli: Afadhali huyo. Wewe hatukuamini.

Bima: Cheka! Siku akija kuchukua pensheni yangu mtanitafuta.

Mama Birika aligonga birika juu ya jiko kwa nguvu mpaka simu zikaruka kidogo juu ya kreti.

Mama Birika: Nyie mnaongea nchi. Asubuhi nchi, jioni nchi. Mimi naongea mtoto mmoja. Duka la dawa aliloacha walishaweka mtu mwingine. Wakimwambia arudi nyumbani, anarudi kwangu, kwenye hili birika. Nampenda mwanangu, lakini sikumsomesha aje anishikie vikombe.

Hapo tuliona aibu, na aibu ikatufanya tuzidi kuwa wazalendo. Profesa alisema serikali inunue simu hizo kwa kila mwalimu na kila nesi. Bima alisema askari kwanza. Hata mimi nilitoa kichwa mlangoni nikasema kitu cha nyumbani kipewe nafasi, huku mashine yangu ya kunyolea, iliyotoka mbali sana, inanguruma mkononi. Tulikubaliana kabisa. Kwa muda ilionekana kiwanda kimepona.

Binti alifika kwa miguu, bado amevaa koti la kazi la bluu. Hakuwa amepiga simu kwa mama yake, na mama alilielewa hilo kabla hajasema neno.

Binti: Shikamooni.

Tuliitika wote pamoja, marahaba, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mama Birika: Wamesemaje?

Binti: Hawajasema ndiyo, mama, na hawajasema hapana. Stoo imejaa. Ofisi za serikali ziliagiza simu nyingi, mpaka leo hazijaja kuchukua. Wakubwa wenyewe wanaomba wanunuliwe zile za nje. Kwa hiyo sisi wa majaribio kila mmoja kapewa simu moja aitafutie mnunuzi. Ukimpata, unabaki kwenye zamu. Usipompata, unasubiri kuitwa.

Soli: Kusubiri kuitwa. Mimi bado nasubiri.

Binti alitoa simu mfukoni, akaipangusa kwa pindo la koti, akailaza juu ya kreti mwisho wa mstari. Sasa zilikuwa tano. Ya kwake tu ndiyo ilitazama juu. Kwa kweli haikuwa mbaya. Ilikuwa nene kidogo, basi.

Profesa: Chaji inakaa?

Binti: Inakaa vizuri.

Bima: Picha?

Binti: Mchana nzuri. Jioni inapata giza kidogo. Hilo wanalishughulikia toleo lijalo.

Profesa: Ni nzito, naona. Nzito ndiyo imara.

Bima: Na bei, nasikia si mbaya.

Soli: Na sauti?

Binti: Sauti nimeipima mwenyewe, mjomba. Nimeweka na laini yangu ya zamani, msije mkasema haishiki mtandao.

Profesa: Safi sana! Hiki ndicho tulichokuwa tunasema hapa tangu mchana. Muulize mama yako. Nchi lazima isimame kwa miguu yake. Lazima tuwe na chetu, tukimiliki, tukishindanishe na cha...

Binti: Nimewasikia tangu kona ile, mjomba. Nimefurahi. Basi kati yenu nani ataichukua?

Hakuwa na kejeli. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia, na alitutazama mmoja mmoja akisubiri jibu, wa kwanza Profesa, halafu Bima, halafu Soli, halafu mimi mlangoni na kitana mkononi. Nilitaka kusema kitu. Niliwaza picha za jioni zenye giza. Niliwaza simu yangu ya sasa, ambayo haina tatizo lolote. Niliwaza kwamba Profesa ndiye alisema zaidi, acha aanze yeye.

Nikainamisha macho, nikakuta wenzangu wote wameshainamisha. Tulikuwa tunaangalia viatu vyetu. Hapakuwa na jozi hata moja iliyoshonwa nchi hii. Soli alivivuta vyake taratibu vikaingia chini ya benchi.

Ndipo Bima aliponyoosha mkono kwenye kreti, akaokota simu yake, akaiweka sikioni.

Bima: Haloo? Haloo, ndiyo, nakusikia...

Simu yake haikuwa imelia. Alinyanyuka akatembea mpaka kwenye ukuta, akatupa mgongo, akaendelea kuzungumza na mtu ambaye hayupo. Kahawa ya wote ikawa juu yake. Siku nyingine tungepiga makofi.

Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Soli. Yalitoka masimbi tu, mashapo ya kahawa.

Mama Birika: Imeisha.

Alianza kukusanya vikombe, hata cha Profesa kilichokuwa bado nusu. Binti alimpokea jiko bila kuambiwa, akalishika kama mtu aliyewahi kulishika sana zamani.

Binti: Simu naiacha. Sheria yenu naijua. Ila hii haiishi na kahawa. Atakayeigusa, ameinunua. Kesho nikienda kazini nitapita hapa.

Waliondoka, mama na birika, binti na jiko. Profesa alichukua simu yake akasema ana mzigo wa chaja wa kupokea. Bima hakurudi kutoka ukutani, alipitia huko huko. Soli alikaa peke yake muda mrefu. Aliinama karibu kabisa na ile simu, mikono ameibana katikati ya magoti, akaikagua pembeni pale kioo kinapokutana na kasha, kama alivyokuwa akikagua mshono. Alitikisa kichwa kwa namna ya kukubali. Kisha akachukua simu yake akaenda zake.

Nilichukua simu yangu, nikafagia nywele. Nilifunga dirisha. Manyunyu yakaanza, na kreti lilikuwa nje, na simu ilikuwa juu ya kreti. Nisingeweza kuiacha ilowe, na mtu angeweza kuiiba, na lilikuwa kreti langu mlangoni kwangu. Nilisimama nikiitazama. Kisha niliinama, nikalishika kreti lenyewe huku na huku, nikaliinua na simu yake juu, nikaliingiza ndani hatua kwa hatua, nimezuia pumzi, simu isije ikateleza ikanigusa. Nililiweka chini ya kioo changu kikubwa, nikajiona humo, mtu mzima, jasho linanitoka.

Ikaanza kulia. Labda binti alikuwa anaijaribu, labda mtu amekosea namba. Iliita na kuita, nami nimesimama na mikono mfukoni. Haikukwaruza hata kidogo.