Mwalimu Aliyekalia Kiti cha Mgonjwa

Ndugu, majirani na wenzake wa kazini, mimi ni mdogo wake wa kiume. Nimepewa kazi ya kumweleza dada yetu kwa ukurasa mmoja. Angekuwepo angeniambia nipumue kwanza, tena kwa pua.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1958, wa kwanza kati ya watoto watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la pamba, ambako baba yetu alikuwa karani wa mizani. Mama alikuwa mshonaji, na akiwa na kazi nyingi sisi wadogo wawili tulikuwa mikononi mwa dada. Ukitafuna mdomo wazi alikuonya mara moja. Mara ya pili ulikwenda na sahani yako kula ukiwa umeuelekea ukuta.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1965, akamaliza sekondari mwaka 1975. Alisomea uuguzi wa meno, na mwaka 1986 akapata stashahada ya tiba ya matamshi na kumeza. Mwalimu mmoja aliandika kwenye ripoti yake, “Anauliza mno.” Baba aliitia ripoti ile mfukoni mwa shati na kuwaonyesha watu wiki nzima.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 5 Desemba 1987 na shemeji yetu, fundi redio. Shemeji husimulia kuwa siku ya kwanza walipokunywa chai pamoja, dada hakubandua macho usoni kwake. “Nikajua tayari, nimependwa,” husema. “Kumbe mwenzangu ananitazama ninavyomeza! Akaniambia, ‘Ulimi wako unasukuma meno, ndiyo maana yameachana.’” Walijaliwa watoto wawili, na mwanya wa shemeji upo mpaka leo.

Kazini alishughulika na jambo ambalo wengi wetu hatukujua kuwa ni ugonjwa: ulimi usiokaa mahali pake, midomo isiyofungika, mtu anayepumua kwa mdomo usiku na mchana, mtoto anayeshindwa kutafuna. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa, naye aliongeza kuwa hawakusema hauna kazi. Lakini hakuzaliwa bingwa. Mwaka 1991 aliletewa msichana wa miaka saba aliyekaa mdomo wazi. Alimpa mazoezi ya midomo miezi minne, na kila alipolegea alimwita mvivu. Mama wa mtoto alisema, “Lakini akiufunga anakosa pumzi.” Dada akajibu, “Mazoea tu hayo, mama.” Daktari wa masikio, pua na koo alipomchungulia mtoto, alikuta nyama za puani zimeziba njia yote. Dada alikwenda nyumbani kwao kuomba radhi. Mtoto alimuuliza, “Kwa hiyo sikuwa mvivu?” Dada alirudi akalia jikoni hadi chakula kikaungua.

Mwaka uliofuata alianza kuwafundisha wengine. Kozi yake ilichukua wiki kumi na mbili, katika chumba namba tisa cha kliniki ya meno. Walikuja madaktari wa meno, wauguzi na wataalamu wa matamshi. Somo la kwanza lilikuwa kioo kidogo kinachowekwa chini ya pua kuona kama pande zote mbili zinakitia ukungu. Ukigusa ulimi wa mgonjwa kabla hujaangalia pua, unatoka nje, hata kama wewe ni daktari mkuu. Mmoja alitoka kweli. Ndiyo sababu walimwita Mwalimu Pua, na jina hilo alilipenda kuliko vyeti vyake vyote.

Februari 2022 maneno yalianza kumkwama. Alijichunguza mwenyewe kwenye kioo cha bafuni, akaona misuli ya ulimi inachezacheza, akajua kuwa ni ugonjwa wa kumaliza misuli usio na tiba, kabla ya daktari wa mishipa ya fahamu kusema. Hofu yake kubwa haikuwa kufa. Alihofia kozi ife naye, kwa kuwa hakuwa amempata wa kumwachia. Aliendelea kufundisha, na sauti ilipokwisha akafundisha kwa kuandika.

Siku ya mtihani wa mwisho, Ijumaa tarehe 16 Juni 2023, wanafunzi saba walikuta kiti cha mgonjwa kimekaliwa na mwalimu wao. Walimpima mmoja mmoja. Sita waliandika kuwa kumeza kwake ni kwa kuridhisha, kwa maana nani angemwandikia mwalimu wake vinginevyo? Wa saba, muuguzi, aliandika: “Maji yanampalia na kuingia njia ya hewa. Asinywe tena chai wala maji yasiyotiwa unga wa kuyafanya mazito.” Dada aliwafelisha wale sita na kuwaandikia ubaoni: “Mtu akipaliwa, heshima haimsaidii.” Funguo za chumba namba tisa akampa muuguzi.

Chai ya kila asubuhi nilikuwa nampelekea mimi. Jioni ile nilimpigia simu yule muuguzi. Nilimwambia, “Wewe ni nani hata umkataze dada yangu chai? Umekuja kujifunza au kumzika?” Akasema, “Kaka, kesho mtazame koo akinywa. Mtazame tu.” Nikamtazama. Alikunywa mara tatu, akakohoa mara tatu. Kwa miezi nilikuwa nimekiita kikohozi cha baridi.

Tulifuata maagizo yale, na kwa miezi kumi na minne dada hakuugua mapafu hata mara moja. Alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 3 Septemba 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, sisi wadogo zake wawili, na wanafunzi mia mbili na kumi na wanne, wakiwemo wale sita, ambao walirudia mtihani na kufaulu. Muuguzi ninayemsema amekaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango. Sijawahi kumwomba radhi. Namwomba leo, mbele yenu nyote. Dada yangu, tafadhali njoo mbele ukae na familia. Nafasi yako ipo.

Mungu ampokee mwalimu wetu na ampe pumziko jema.