Onesphory Mapunda na Nishani ya Baba Yake

Baba Padre, ndugu, majirani wa Gerezani, na nyinyi wa Kariakoo mliofunga maduka na vibanda kuja kumsindikiza mwenzenu: karatasi hii mmeikuta imechomekwa ndani ya kijitabu cha ibada. Imetolewa kopi leo asubuhi na wino wake unachafua vidole, mtusamehe. Wasifu uliochapwa ukurasa wa tatu tunaomba msiusome. Uliandikwa na watoto wa marehemu kwa nia njema kabisa, kisha akapewa shangazi yao ausahihishe. Shangazi huyo ni Mwalimu Blandina, mdogo wa marehemu, ndiye anayewasomea sasa. Mwalimu alisahihisha koma na herufi kubwa. Uongo akauacha.

Marehemu Onesphory Athanas Mapunda alizaliwa tarehe 6 Septemba 1956, hapa Dar es Salaam, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, Gerezani. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mzee Athanas Mapunda na mama Kristina, waliotoka Songea. Jina lake lilitoka kwenye kalenda ya watakatifu iliyotundikwa ukutani. Siku hiyo ilikuwa ya Onesphory, na mjadala ukaishia hapo. Tunaomba mlishike jina hilo, maana wengi wenu mnalisikia leo kwa mara ya kwanza. Nyinyi mlimjua kwa jina la Mzee Nishani, na kijitabu kinasema jina hilo alilipata kwa bidii yake ya kazi. Si kweli, na mwalimu alijua si kweli wakati kalamu iko mkononi mwake.

Utoto wa marehemu ulikuwa mtoni. Mto Msimbazi wa siku hizo ulikuwa na maji ya kuonekana maji, na kule Jangwani, chini ya bustani za mchicha, palikuwa na magogo manne na mbao zilizopigiliwa juu yake, ambapo wakulima walisimama kuchota maji. Watoto walipaita gati. Walikuwa wameona gati la bandarini, lenye meli na winchi, wakaona na wao wawe na lao. Kila Jumamosi Onesphory alikwenda pale na rafiki yake Uwesu, mtani wa familia yetu mpaka leo, na nyuma yao aliwafuata Blandina. Walivua kambare kwa uzi wa kushonea magunia waliookota sokoni. Onesphory alikuwa na ndoana, Uwesu alikuwa na ndoana, Blandina alikuwa na kazi ya kushika kopo la minyoo. Kila alipoomba zamu aliambiwa kesho, na Jumamosi haina kesho ya kuvua, kwa sababu Jumapili ni kanisani.

Jumamosi ya tarehe 21 Novemba 1970 Blandina alikwenda gatini na ndoana yake mwenyewe. Alikuwa na miaka tisa, na asubuhi hiyo alikuwa ametoka kuungama, maana kesho yake, Sikukuu ya Kristo Mfalme, alikuwa apokee Komunyo ya Kwanza. Ndoana yake ilikuwa pini ya nishani ya baba. Mzee Athanas alipewa nishani hiyo kazini kwa kutimiza miaka ishirini bila kosa, na aliiweka kabatini ndani ya kitambaa cha leso. Blandina aliikunja pini ikawa ndoana, na nishani yenyewe akaiacha ining'inie iwe chubwi, ili uzi uzame vizuri. Alijiona ana akili kuliko wote. Kambare akala, akavuta, uzi ukakatika. Ikazama pini, ikazama nishani, ikazama na miaka ishirini ya baba.

"Umeitoa wapi ile?" kaka yake alimuuliza.

"Kabatini."

Onesphory alivua shati, akaruka. Alipapasa tope mpaka midomo ikamtetemeka, Uwesu naye upande wa pili, na hawakupata kitu. Njiani kurudi, Blandina alilia kwamba sasa hawezi kupokea, kwa sababu ana dhambi na padre ameshamaliza kuungamisha watoto. Kaka yake akasema: "Wewe umeshaungama, huna nafasi tena mpaka wiki ijayo. Mimi bado sijaungama. Hiyo nitaiongeza kwenye zangu."

Uwesu, ambaye ni Mwislamu, aliuliza kama dhambi huwa zinabebana.

"Kwetu zinabebana," akajibiwa.

Wote watatu waliamini. Onesphory alikuwa mvulana wa miaka kumi na minne, katekisimu ameishika kichwani yote, lakini hapo alikosea, na kosa hilo alilibeba miaka hamsini na minne.

Asubuhi baba alifungua kabati ili aivae nishani kwenye koti la kanisani. Aliuliza mara moja tu. Onesphory akasema, "Ni mimi, baba." Mzee hakumpiga, ingekuwa afadhali angempiga, yakaisha. Alimwambia: "Kuanzia leo unaitwa Nishani. Kila utakapoitwa, utakumbuka." Blandina alikuwa amesimama pale pale, gauni jeupe, shela kichwani, mshumaa mkononi. Hakufungua mdomo. Alipokea Komunyo ya Kwanza na tope la Msimbazi bado liko ndani ya kucha.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma shule ya msingi hapa hapa jirani, akamaliza darasa la saba mwaka 1970, na jina lake likatoka kati ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Kijitabu kinasema hakuendelea "kutokana na hali ya maisha." Hali ya maisha haikuwa na shida. Kitambaa cha shati la shule kilikuwa kimeshanunuliwa. Ila baba alisema hawezi kumsomesha mwizi, na baba akisema huwa amesema. Kitambaa kile kilikaa kabatini, mahali palepale pa nishani, mpaka Blandina alipochaguliwa naye kwenda kidato cha kwanza. Kilishonwa blauzi mbili. Mwalimu aliyewafundisha wengi wenu alianza sekondari amevaa shati la kaka yake.

Kazi marehemu aliianza Januari 1971, akijifunza ufundi wa mizani kwa mzee Uledi, karibu na soko. Mwaka 1984 alifungua karakana yake mwenyewe, Gerezani. Jina lilimfuata huko kwa sababu baba alikuwa akipita na kumwita mbele ya wateja, "Nishani, hujambo?" Wateja wakadhani mzee anamsifia mwanawe, na wao wakalidaka. Mwishowe likaandikwa kwenye kibao cha dukani, na yeye hakumkataza mchoraji. Hakuna muuza nyanya wala muuza dagaa hapa ambaye mizani yake haikupita mikononi mwake. Siku moja mfanyabiashara mmoja, hatutamtaja na yumo humu, alimnong'oneza: "Mzee Nishani, nibanie hapo kidogo, gramu hamsini tu." Marehemu alimrudishia mizani yake. "Peleka kwa fundi mwingine. Mimi wizi nilishaitiwa, kuufanya sitaki." Watu walicheka sana, wakaona ni mzaha wake. Blandina alikuwepo, alikuwa amekuja kununua vitunguu. Alicheka na yeye.

Tarehe 12 Juni 1982 marehemu alifunga ndoa takatifu na Selina Komba, na Mungu akawajalia watoto watatu. Mkewe anasema miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia asili ya jina lile. Akiulizwa alisema ni habari ya samaki. Mwaka 1989 mzee Athanas alipokuwa anakata roho aliwaita wote wawili. Alimwambia marehemu: "Nishani, mtunze mdogo wako. Yule ndiye mwaminifu." Onesphory akaitikia, "Sawa, baba." Blandina alikuwa miguuni pa kitanda, mwanamke mzima wa miaka ishirini na minane, mwenye cheti cha ualimu. Nafasi ile ilikuwa ya mwisho, na aliiona ikipita.

Ugonjwa wa sukari uligundulika mwaka 2016, na mwaka 2023 figo zikaanza kushindwa. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, bila kulalamika, akiwatania manesi kwamba mashine yao haina mizani sahihi. Jumamosi ya tarehe 8 Machi 2025 mdogo wake alikwenda wodini akiwa ameamua kusema.

"Kaka, ile nishani..."

"Usinisimulie mimi, Blandi. Mimi nilikuwepo."

"Sasa nimsimulie nani?"

"Wasiokuwepo." Kisha akauliza, "Hivi yule kambare alikuwa mkubwa kweli?"

"Mkubwa, kaka."

"Basi," akasema, akageukia ukutani akalala. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Alhamisi mwalimu aliletewa wasifu ausahihishe, na mmeshaambiwa alichofanya. Jana, kama mlivyoona, mtani wetu Uwesu alisimama mlangoni amevaa ovaroli ya marehemu, bisibisi sikioni, akazuia watu. "Huyu hatoki hapa mpaka nipewe nishani yangu." Mkacheka, mkampa soda na sahani ya pilau ili apishe, kama ilivyo desturi ya utani. Alivipokea. Halafu akamwangalia mtu mmoja tu uani pale. "Na wewe, mwalimu, huna cha kunipa?" Usiku ukapita, na asubuhi mwalimu akawaeleza watoto wa kaka yake, mmoja baada ya mwingine. Bryson hajamjibu shangazi yake neno mpaka sasa. Ana haki. Hata hivyo ndiye aliyechukua brashi akaupaka msalaba rangi upya.

Marehemu ameacha mjane, Selina, watoto watatu, Bryson, Nice na Allen, wajukuu watano, mtani wake Uwesu, aliyekuwepo, na mdogo mmoja, Blandina, aliyeichukua nishani.

Msalaba mnaouona hapo rangi yake haijakauka. Jana ulikuwa na majina mawili, leo una moja. Mtakapotupa udongo, tunaomba mmuage kwa hilo moja. Onesphory, mwana wa Athanas, hakuchukua kitu cha mtu. Apumzike kwa amani.