Machela kwa Mtu Anayetembea

Tumsifu Yesu Kristu, ndugu zangu! Mmeitika vizuri, hata ninyi mlioko nje mnaolinda ndizi zenu za mnada. Leo nimesimama bila mavazi ya Misa, kwa sababu ninalotaka kusema si homilia. Miaka yote mimi ndiye niliyewasikiliza ninyi. Leo nisikilizeni mimi, halafu mtanihukumu kwa huruma.

Mnanijua. Nilizaliwa Igurwa, kule Karagwe, mtoto wa wakulima wa kahawa, na kabla Mungu hajanipa upadre alinipa udadisi. Mama yangu alichoka nami. Kwa nini nyuki wanapenda mzinga wetu na si wa jirani? Nani aliyewafundisha kuku kuogopa mwewe? Seminarini mwalimu mmoja alisema nitafika mbinguni nikiwa nimenyoosha mkono, nasubiri kuuliza swali. Nilipoletwa hapa Kyerwa niliendelea vilevile. Nikifika kigangoni, hata kofia ya pikipiki sijaivua, nauliza nani amechimba kile kisima na alijuaje maji yako wapi.

Basi maradhi yangu yalianza nilipoacha kuuliza. Hayakuja na homa, ndiyo maana sikuyatambua. Nilijikuta nakaa barazani asubuhi nzima chai ikipoa, nautazama ukuta, na ukuta haunichoshi. Kufunga kamba za viatu ikawa kazi. Simu ikiita moyo unaruka, maana simu ya padre haiiti bure: kuna msiba, kuna ndoa inavunjika, kuna mgonjwa anahitaji mpako. Nilikwenda kote nilikoitwa. Na msidhani padre mgonjwa hasali. Nilisali sala zote za siku, maneno yakatoka moja baada ya jingine, nami nikayasikia kama redio ya jirani.

Ninyi mliona nimekonda, na watu wa kwetu wakiona padre amekonda, dawa wanaijua: chakula. Ikaja mikungu ya ndizi, yakaja maharage, wakaja kuku mpaka wakaanza kutaga karibu na sakristia. Msimu wa senene mkaniletea senene waliokaangwa vizuri, nami nikawasukuma pembeni. Mpishi wetu akasema mtu wa Kagera akikataa senene aitiwe daktari. Tukacheka wote wawili, na daktari hakuitwa.

Siku niliyovunjika nilikuwa makaburini, mchana kweupe, namzika mzee wa kigango kimoja. Kitabu kiko mkononi, maneno nayaona, nayajua kwa moyo, lakini hayatoki. Watu wakadhani nalia. Ndugu zangu, sikuwa na machozi hata ya kukopa! Katekista akaanzisha wimbo, kisha akamalizia ibada mwenyewe. Mimi nikaenda kukaa chini ya migomba. Na pale likanijia wazo kwamba yule tuliyemlaza udongoni amepata nafuu kuliko mimi, na ningefurahi kubadilishana naye. Nalisema wazi kwa sababu wapo wanaolibeba wazo hilo kimya. Lilinitisha, lakini sikuwa na nguvu za kulifukuza.

Aliyenifuata ni Ma Kokugonza, mwenyekiti wa chama cha machela, kile tunachokiita engozi. Wageni waliopo leo niwaeleze kidogo. Huku kwetu kila nyumba imo katika chama hicho. Mgonjwa asiyeweza kutembea, majirani wanampokezana mabegani mpaka hospitali, na nyumba isiyotoa mtu inatozwa faini ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kabla ya kumnyanyua mgonjwa, ni lazima mwenyekiti amuulize anaumwa wapi, ili wajue wamlaze upande gani. Hayo ndiyo mazoea yake, na akaniuliza hivyohivyo, "Baba, unaumwa wapi?"

Nikajibu, "Sijui, mama. Popote ninapogusa hapaumi."

Akasema chama hakijawahi kupata mgonjwa wa namna hiyo, kwa hiyo itabidi kikae.

Kikakaa kweli! Tulikutana nyumbani kwake, kwenye ua wa kuanikia kahawa, nami nikapewa kiti katikati kama mtuhumiwa. Swali lilikuwa moja: je, mtu anayetembea anaweza kubebwa? Aliyepinga ni Ta Byarugaba, mzee anayeheshimiwa, ambaye amebeba wagonjwa tangu ujana wake. Akasimama akasema, "Engozi ni ya asiyejiweza. Baba Padre amekuja hapa kwa pikipiki, na ameiendesha mwenyewe." Watu wakacheka, na mimi nikaona mzee ana haki. Nilikuwa tayari kuaga niende zangu.

Lakini hakuketi. Akanigeukia na kuuliza, taratibu, kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua, "Hebu tueleze, unakushikaje? Siku nzima, au unapanda na kushuka kama malaria?"

Nikafikiri. Nikamwambia asubuhi ndiyo mbaya, jioni unalegea kidogo.

"Na ukiwa na watu, unacheka?"

"Nacheka, mzee, ila kicheko hakifiki ndani."

Akatikisa kichwa na kukaa. Na mimi, ndugu zangu, pale kwenye kiti nikasikia kitu kinajongea kichwani mwangu. Kwa nini asubuhi? Mtu ametoka kulala, amepumzika, kwa nini ugonjwa uwe na nguvu asubuhi? Nilikuwa nimeuliza swali! La kwanza baada ya miezi mingi. Wengine walisubiri kuona malaika katika ushuhuda huu. Malaika wangu alikuwa swali dogo, lenye harufu ya buni mbichi, na Bwana asifiwe kwa hilo.

Chama kikaamua kwamba padre aliyeshindwa kusoma kaburini ameshindwa kutembea. Tatizo likawa njia. Hospitali yenye daktari wa magonjwa ya akili iko mbali mno kwa mabega ya watu. Ulikuwepo mfuko ulioanzishwa na waamini wachache kwa ajili ya kuwatibu mapadre na watawa wenye maradhi ya namna hii, lakini ulikuwa mtupu. Nani atachangia ugonjwa ambao anaamini padre hawezi kuugua? Ikakubaliwa tuujaze kwa mnada wa mazao baada ya Misa, kama tunavyofanya tukijenga.

Hapo heshima yetu ikataka kutuponza. Halmashauri ya parokia, kwa upendo kabisa, ikapendekeza itangazwe kwamba Baba anaumwa mgongo. Mgongo ni ugonjwa wa heshima, mtu yeyote anaruhusiwa kuwa nao. Nawaambia ukweli, niliutamani sana ule mgongo. Lakini nikajiuliza: nikitibiwa kwa jina la mgongo, padre atakayefuata naye atasema anaumwa nini? Goti? Kwa hiyo baada ya Misa nilitoka nje, nikasimama karibu na meza ya mnada, nikasema kwa kinywa changu kwamba ndizi hizi ni za kutibu akili yangu.

Siku hiyo mnaikumbuka. Niliogopa kuinua macho. Kisha nikasikia sauti ya Ta Byarugaba, yuleyule aliyepinga, akinunua mkungu wa kwanza. Akalipa, akaurudisha mezani, akasema uuzwe tena. Mwingine akaununua, akaurudisha. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu kutoka mjini, aliyekuja kutafuta ndizi za bei nafuu, naye akanunua na kurudisha, akisema mgonjwa ni mgonjwa. Mkungu ule ulipita mikono mingi mpaka ukachubuka. Nililia siku hiyo, tena kwa machozi ya kweli.

Nikatibiwa. Daktari alinipa dawa, alinipa saa za kuzungumza, na alinikataza kupokea simu kwa muda, jambo ambalo hata askofu hajawahi kuliweza. Kule nilikutana na sista mmoja mpole. Shirika lake lilikuwa limewaambia watu kwamba yuko masomoni. Tangu siku hiyo, nikisikia mtawa fulani yuko masomoni, nawasha mshumaa.

Haikuwa haraka. Zilikuwepo wiki za kurudi nyuma, na dawa naitumia mpaka leo. Mtu ameniuliza, je, huu ni ukombozi au ni hospitali tu? Swali zuri. Nimelitafakari sana na bado nalipenda. Jibu langu kwa sasa ni kwamba Mungu aliyemuumba nyuki amemuumba na daktari, na sijaona mahali alipokatazwa kumtumia.

Nawashukuru. Nakushukuru, Ma Kokugonza, pamoja na wote mliotoa. Wewe padre, wewe sista, wewe mwamini uliyeketi hapa ukiwa umechoka kuishi, nakusihi usikae na wazo hilo peke yako hata leo. Mtegemee Bwana, na umwambie mtu.

Nimalizie na jambo moja, ambalo mwenyewe ameniruhusu kulisema. Niliporudi kutoka matibabu, Ta Byarugaba alikuja sakristia baada ya Misa, akasubiri watu waishe. Akauliza kama ile dawa yangu ni ya mapadre tu, au hata mkulima anaweza kupewa. Nikamwambia ni ya mtu yeyote. Akakaa kwenye benchi, kofia mikononi. Mkewe alifariki zamani, na mimi, mwenye maswali yote haya, sikuwahi kumuuliza analalaje.

Kisha akasema, "Basi twende wote, baba. Wewe njia unaijua."