Nyamizi Bundala, Sauti ya Kwanza ya Wabeja wa Dutwa

Wasikilizaji wapendwa, mwadila. Mlioko Dutwa, Nkoma, hadi kule Shishiyu, ongezeni sauti ya redio.

Leo tunamkumbuka Nyamizi Bundala, mwanzilishi wa kikundi cha kuimba cha Wabeja, cha pale Dutwa. Ametutoka juzi, akiwa na miaka sabini na tisa. Wengi mlimwita Mayu Nyamizi, yaani Mama Nyamizi.

Kikundi chenyewe kilizaliwa shambani, mwaka 1986. Wanawake kumi na wanne walikuwa wakilimiana pamba kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Nyamizi alikuwa mzito wa jembe, na hakuficha. Mwenzake Milembe, mama mwenye mwili na kicheko kikubwa, akachoka kumsubiri.

"Nyamizi, simama hapo mbele uimbe," akamwambia. "Kulima tuachie sisi!"

Akasimama, akaimba. Shamba likaisha kabla ya chakula cha mchana. Tangu siku hiyo hakuna aliyemkumbusha jembe. Wakajiita Wabeja, yaani asante. Walikuwamo Wakatoliki, Waprotestanti na waliotambikia mababu, na wote waliitikia kwa sauti moja. Walichokosa ni sare tu. Harusini kila mmoja alifika na gauni lake, na vikundi vingine vikawacheka.

Ukaja mwaka 1995. Wazee mnakumbuka. Zamani chama cha ushirika peke yake ndicho kilichonunua pamba yetu. Sasa soko limefunguliwa, wanunuzi binafsi wanaingia na malori na vipaza sauti. Karani wa mnunuzi mmoja, kijana mtanashati aliyeitwa Dastan, akamfuata Nyamizi nyumbani. Akamletea vitenge kumi na vinne vya rangi moja. Sharti lilikuwa moja: siku ya kufungua kituo cha kununulia pamba, Wabeja waimbe kwamba mizani yao haimpunji mtu.

Binti yake, Nyanjige, anasimulia: "Mama alivishika vile vitenge, akavinusa. Alivipenda mno. Halafu akavikunja, akasema havishonwi mpaka aione hiyo mizani."

Wenzake walinuna. Milembe akaja juu. "Tutachekwa mpaka lini? Wimbo ni maneno tu!"

"Maneno hayo nayaanza mimi," Nyamizi akajibu. "Mkulima akipunjwa, atakumbuka sauti ya nani?"

Milembe akaondoka bila kuaga.

Siku ikafika. Watu walijaa, baiskeli zimelemewa na pamba. Dastan akamkabidhi Nyamizi kipaza sauti. Nyamizi akasema, "Karani, tutaimba. Ila kwanza tupimie kitu ambacho uzito wake tunaujua."

Akamgeukia Milembe. Wiki ile ile Milembe alikuwa amepimwa zahanati, kilo themanini na sita, na kijiji kizima alikitangazia. Milembe alikuwa bado amenuna. Alimtazama Nyamizi, akatazama ile ndoano ya mizani, mara kicheko kikamtoka. Akaketi kwenye shuka la kufungia pamba, wanaume wanne wakamning'iniza. Mshale ukasimama kwenye sabini na moja.

"Jamani!" Milembe akapiga kelele akiwa hewani. "Nimepungua kilo kumi na tano, wala sijaugua hata mafua!"

Soko zima likaangua kicheko. Hata Dastan mwenyewe hakuweza kujizuia. Nyamizi akaanzisha wimbo papo hapo, wa Milembe aliyekonda kwa dakika moja, na wakulima wakaitikia huku wakirudisha pamba yao kwenye baiskeli. Vitenge vyote kumi na vinne vikarudishwa, havijaguswa na mkasi.

"Mama alicheka mchana kutwa," anasema Nyanjige. "Jioni akalia kidogo. Vilikuwa vizuri, vile vitenge."

Wiki iliyofuata mizani ikabadilishwa. Kila asubuhi ilijaribiwa kwa mfuko wa saruji, watu wakishuhudia. Na sare? Wabeja walizipata mwaka 1998, kwa pamba ya shamba lao la pamoja. Nyamizi, kama kawaida, hakushika jembe.

Miaka ya mwisho miguu ilimgomea. Akawa anafundisha akiwa ameketi. Mjukuu wake, Goodness, anasema: "Siku ya kwanza kujifunza kuanzisha wimbo, Bibi alinikatisha mara tatu. Akaniambia, mjukuu wangu, unaimba kama unaomba ruhusa."

Tunawapa pole Nyanjige, Goodness, ukoo wote wa Bundala, na Wabeja wote. Nasi tuliobaki tujiulize: tunapopewa maneno ya kuwasemea wengine, huwa tunayapima kwanza?

Wasikilizaji wapendwa, maziko ni kesho saa nane mchana, nyumbani kwake Dutwa. Goodness ndiye atakayeanzisha wimbo. Familia inawaomba mfike, na mkifika mwitikie kwa nguvu, maana marehemu hakuvumilia watu wanaoitikia kwa kunong'ona.