Tulitumwa Tumuage Dada Mkasi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wetu; msimamizi wa kiwanda; wakuu wa idara mliofuatana naye; mafundi wenzetu; na majirani mliokuja kutuona tumevaa nguo safi leo:

Tunawasalimu nyote, na tunashukuru mmefika salama.

KARIBU

Karibu, Mgeni rasmi, katika kiwanda chetu cha kushona sare na mashuka ya hospitali, na karibu ulifungue jengo letu jipya. Ukiona uzi umekung'ang'ania kwenye suruali, usihangaike kuubandua. Hapa uzi humpata kila mtu, mkubwa kwa mdogo.

Tuseme ukweli mapema ili usije ukashangaa katikati. Ratiba uliyoshika inasema hii ni risala ya kumuaga mwenzetu, mkataji mkuu, ambaye ofisi imeamua apumzishwe kazi kuanzia mwisho wa mwezi huu kwa sababu ya majibu ya daktari. Tuliagizwa tuandike maneno mazuri ya kumuaga. Tumekaa, tumeandika, tumechana, tumeandika tena. Kila tukianza kumuaga tunajikuta tunamtetea. Mwishowe tukasema liwalo na liwe, tutasoma kilichotoka. Utuwie radhi, na utusikilize mpaka mwisho.

TULIKOTOKA NAYE

Sisi tunamwita Dada Mkasi. Mkataji ndiye anayetandaza kitambaa mezani, tabaka juu ya tabaka, akachora kwa chaki, kisha akakata. Akikosea yeye, mafundi wote walio nyuma yake wanashona makosa. Aliingia hapa akiwa binti, wakati kiwanda kilikuwa chumba kimoja chenye paa linalovuja, na wengi wetu yeye ndiye aliyetufundisha kushika mkasi.

Hatutampamba kwa uongo. Dada Mkasi si mtu rahisi. Ukimkuta anakata, salamu yako utarudi nayo. Ukimgusa bega anaruka kama kaunguzwa. Anakula peke yake, chakula kile kile kila siku, na utani wetu unampita. Kuna mteja aliwahi kurudisha suruali ya sare akifoka kwamba imeshonwa vibaya, inambana, na fundi aliyeishona akaanza kuomba radhi. Dada Mkasi akaipima suruali, akampima na mteja, akatangaza mbele ya watu: "Suruali iko vile vile. Wewe ndiye umeongezeka." Mteja aliondoka amenuna, na fundi wetu akapumua.

Basi tulisema ana kiburi. Wengine tukasema anaringa, sijui anaringia nini. Hatukujua kwamba jioni akifika nyumbani anajilaza sakafuni, mlango ameufunga na taa ameizima, mpaka kelele za cherehani zimtoke kichwani. Hayo tumeambiwa na dada yake mkubwa anayeishi naye. Na usidhani tunamsema mtu pembeni, Mgeni rasmi: mwenyewe ameisoma risala hii na kukubali isomwe. Alifuta neno moja tu, pale tulipoandika kwamba yeye ni "mpole". Alisema si kweli.

MAJIBU YA DAKTARI

Mwaka jana ililetwa spika kubwa ya muziki ili ituchangamshe kazini. Sisi tulicheza. Dada Mkasi alivumilia, akavumilia, hadi siku moja akaanguka. Zahanati ikampeleka hospitali, hospitali ikampeleka kwa daktari bingwa, na baada ya maswali mengi na safari nyingi akaambiwa ana usonji. Daktari alimweleza kwamba hakuugua juzi wala jana, ndivyo alivyozaliwa. Sauti, mwanga na mguso vinamwingia kwa nguvu kuliko vinavyotuingia sisi, na maneno ya watu anayachukua kama yalivyosemwa.

Haya anaambiwa mtu mzima, miaka arobaini na kitu! Dada yake anasema walipotoka nje Dada Mkasi alikaa kwenye ngazi za hospitali akacheka, kisha akalia mpaka kola ikalowa. "Kumbe sikuwa mbaya," alisema. "Mama amekufa akidhani nina roho mbaya." Tuliposimuliwa hayo, na sisi tulilia.

Akaanza kutafuta msaada, na hapo ndipo shughuli ilipoanza. Kliniki aliyoelekezwa ilikuwa ya watoto. Alikaa kwenye kiti kidogo chenye picha ya sungura, magoti yanakaribia kidevu, muuguzi akatoka na kuuliza, "Mama wa mtoto ni nani?"

"Mtoto ni mimi," akajibu, wala hakuwa anatania.

Muuguzi alikuwa mwema, alimtafutia kiti cha watu wazima. Huduma ya watu wazima ndiyo hakuwa nayo. Mjomba wake akasema dawa yake ni kuolewa. Dada Mkasi akamuuliza kama mume atapunguza kelele nyumbani au ataziongeza, na mjomba akakumbuka ana safari. Mshauri mmoja naye akaanza kumfundisha kuwatazama watu machoni. "Nikikutazama sikusikii," Dada Mkasi akamwambia. "Chagua wewe, nikutazame au nikusikilize?" Akaambiwa ajitahidi tu. Hakwenda tena kwa yule mshauri.

MAFANIKIO, NA LILE LILILOTUSHINDA

Mgeni rasmi, tuna desturi yetu hapa. Mwenzetu akipatwa na jambo kubwa, iwe harusi, uzazi au msiba, tunamshonea vazi la pamoja. Huyu anashona mkono, yule kola, mwingine pindo. Mwenyewe haambiwi. Anavishwa ghafla, kwa vigelegele, na kila mtu anamkumbatia.

Tuliposikia majibu ya daktari tukasema, Dada Mkasi lazima avishwe. Tukachagua kitambaa kizuri kuliko vyote. Mdarizi akajaza nakshi kifuani. Fundi wa vifungo akatia shanga. Na kila mmoja wetu akashonea ndani lebo yenye jina lake na neno la kumpa moyo: lebo shingoni, lebo mbavuni, lebo kwapani. Mtu ambaye tangu tumjue hukata lebo za nguo zake zote kabla ya kuzivaa! Akili zetu zilikuwa wapi, Mungu ndiye ajuaye. Tukamvizia ameinamia meza, tukamvisha kutoka nyuma, na spika tukaifungulia mpaka mwisho.

Alipiga yowe. Akaingia chini ya meza ya kukatia, akakaa huko ameziba masikio, analivuta lile vazi litoke. Sisi tulisimama kama magogo, vigelegele vimetukauka midomoni.

Mama wa pasi ndiye aliyezima spika. Akatufukuza wote, kisha akaketi sakafuni, mbali kidogo na meza. Alikaa mpaka pasi zake zote zikapoa. Ndipo akauliza kwa sauti ndogo: "Mdogo wangu, tulitaka kukusaidia. Unataka tukusaidieje?"

Jibu likatoka chini ya meza: "Hilo ndilo swali. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Akatuambia, na sisi tukafanya. Spika imehamia chumba cha chakula. Tukimtaka, tunagonga meza yake kwa kidole, hatumshiki. Kazi ikibadilika anaambiwa mapema, si kushtukizwa nayo mkononi. Akisema "nimejaa" anaingia stoo ya majora ya vitambaa, anakaa gizani kidogo, anarudi, na hakuna anayemfuata kumuuliza kulikoni. Lile vazi aliomba tulifumue. Tulilifumua wenyewe, kila mtu mshono wake, na ilituuma, hatukufichi. Kitambaa akakikata pazia, akalitundika upande ule taa kali inapompiga. "Sasa ndiyo mmenishonea," akatuambia.

Tangu hapo hajaanguka tena. Na faida haikuishia kwake. Fundi wa vifungo alipofiwa na mumewe mwaka huu, alikuja kutuomba asivishwe vazi wala asikumbatiwe; alitaka aachwe ashone kimya siku za mwanzo. Zamani asingethubutu kusema, angevaa tu na kuumia. Tulimkubalia, na tukachukua zamu ya kumpelekea chai.

CHANGAMOTO

Habari za lile yowe zilifika ofisini. Habari za yaliyofuata hazikufika. Ofisi ikatazama majibu ya daktari, ikaamua Dada Mkasi apumzike kwa faida yake mwenyewe. Hatusemi ofisi haina huruma. Hata sisi tulikuwa na huruma siku ile tulipomvika lebo.

Jengo jipya ni zuri, tunashukuru sana. Lakini ni ukumbi mmoja mpana, taa nyeupe juu hadi chini, spika kila pembe, na meza ya kukatia imewekwa katikati kabisa chini ya feni. Tulimpeleka kulitazama. Alisimama mlangoni bila kuingia, akasema, "Ndiyo maana mnaniaga."

Dada yake ametueleza kwamba siku ambazo ofisi ilimwambia abaki nyumbani ili azoee, Dada Mkasi aliamka saa zile zile, akaoga, akavaa sare, akakaa ukingoni mwa kitanda mpaka jioni. Aliitwa kula, hakuitika. Kazi hii ndiyo inayomshikilia siku yake isimpukutike. Tunaogopa, Mgeni rasmi. Tunaogopa mtu ambaye amehangaika miaka yote hii kujijua, akijijua tu, tunamfungia mlango.

MAOMBI YETU

Kwanza kabisa, tunaomba ofisi ifute uamuzi wa kumpumzisha. Tunajua neno lako moja linatosha.

Ombi la pili ni la kusogeza meza. Ikihamia ukutani, kule kwenye dirisha dogo, na pazia lake likatundikwa, na spika za upande ule zikanyamaza, itakuwa imetosha. Tutaibeba wenyewe, mikono ipo.

Tunaomba pia, kwa kuwa sauti yako inafika mbali kuliko yetu, uzungumze na wakubwa wenzako wa hospitali. Iwepo siku ya watu wazima katika ile kliniki, wakutane na mtu atakayewasikiliza wanavyoishi badala ya kuwafundisha kujifanya wengine. Wapo wengi, Mgeni rasmi. Tangu habari hii itoke, mlinzi wetu wa getini amekuja kutuuliza maswali mengi mno kuhusu usonji, na anasema anamuulizia rafiki yake.

Na yeyote atakayeletwa hapa baada ya leo, mwenye hali hii au nyingine, tunaomba aulizwe kabla ya kusaidiwa. Sisi tumelijua hilo kwa kufumua.

MWISHO

Mgeni rasmi, kwa mujibu wa ratiba, sasa ndipo mwenzetu anaitwa mbele, unampa cheti cha kuagwa, unamshika mkono, na sisi tunapiga makofi. Usimtafute kwa macho, hayupo ukumbini. Haya ya mwisho tumeyaongeza leo: tulimpitia asubuhi tukiwa tumevaa hizi nguo za sherehe. Tulimkuta kwenye meza yake katika jengo la zamani, ametandaza mashuka ya wodi ya wazazi ambayo yanatakiwa kesho. Tukagonga meza kwa kidole, tukamwambia muda umefika, watu wanamngoja.

Hakuinua kichwa.

"Nendeni mkaniage," alisema. "Mimi nina kazi."

Mwenyezi Mungu aulainishe moyo wako leo, akubariki wewe na nyumba yako, na akurudishe salama.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa kiwanda cha kushona: wa cherehani, wa pasi, wa vifungo na wa kudarizi, pamoja na mkataji wetu aliyebaki mezani.